Kudumu katika Sala Tunapojiona Hatustahili



Tukiulizwa ni nini humfanya Mkristo aache sala, wengi wetu tutataja anasa, uvivu, marafiki wabaya, na siku hizi simu. Yote hayo ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni aibu. Mtu ameanguka katika dhambi, pengine ileile aliyoiungama mwezi uliopita. Unapofika wakati wa kusali anajiona mnafiki. Anajiambia, "Ngoja kwanza nijirekebishe, kisha nitarudi." Frateri anaendelea kukaa kanisani na wenzake wakati wa tafakari, lakini moyoni ameshafunga mlango. Mama wa familia anaacha kwenda Jumuiya kwa sababu majirani wanajua yaliyotokea nyumbani kwake, au kwa sababu tu hajamaliza mchango wa ujenzi na hataki jina lake lisomwe mbele za watu. Wiki inakuwa mwezi, na Pasaka inapita bila yeye kuungama.

Mtakatifu Teresa wa Avila aliyafahamu haya kwa kuyapitia. Tunamheshimu kama mwalimu wa sala. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, na mwaka huohuo Mt. Katarina wa Siena naye akatangazwa; ndio wanawake wa kwanza kupewa cheo hicho. Kwa hiyo inashangaza kidogo kusoma, katika kitabu alichoandika kuhusu maisha yake, kwamba aliwahi kuacha sala kwa zaidi ya mwaka mzima, tena akiwa mtawa.

Teresa alizaliwa mwaka 1515 huko Hispania, na mwaka 1535 aliingia monasteri ya Wakarmeli katika mji wa Avila. Baada ya kuugua sana kwa muda mrefu alipata nafuu, na akajikuta anavutwa na mazungumzo ya sebuleni. Monasteri ile ilipokea wageni wengi, na yeye alikuwa mchangamfu, anapendwa na watu. Hakukuwa na kashfa kubwa. Moyo wake uligawanyika tu, nusu kwa Mungu na nusu kwa maongezi. Ndipo akaanza kuona aibu kukaa peke yake mbele ya Mungu. Alijiona hastahili urafiki wa karibu namna ile, akaamua ni heri asali kama wengine wote: sala za pamoja zilizopangwa, basi. Ile sala ya kimya, ya moyo kwa moyo, akaiacha. Baba yake, ambaye Teresa mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusali hivyo, alipokuja kumtembelea aliambiwa kwamba binti yake hawezi tena kwa sababu ya afya. Mzee akaamini.

Baadaye, akiyatazama hayo, Teresa aliandika kwamba huo ulikuwa udanganyifu mbaya kuliko yote aliyofanyiwa na shetani, kwa sababu ulikuja katika sura ya unyenyekevu. Tunafikiri hapo ndipo penye jambo la kujifunza. Kishawishi cha wazi tunakitambua, hata kama tunakikubali. Lakini sauti inayosema "wewe si wa kukaa karibu na Mungu" inafanana na sauti ya mtakatifu, kwa hiyo tunaitii.

Je, tutatofautishaje? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikieleza juu ya uvivu wa kiroho na kukata tamaa (namba 2733), inatufundisha kwamba mtu mnyenyekevu hashangazwi na unyonge wake. Unyonge huo humsukuma kutumaini zaidi na kushikilia. Anayeshangaa sana kwamba ameanguka, alikuwa anajidhania kuwa nani? Mara nyingi aibu yetu ni kiburi kilichoumia. Tulikuwa na picha nzuri ya nafsi yetu, picha imevunjika, na sasa hatutaki kumwangalia aliyeiona ikivunjika.

Tazama mitume wawili usiku uleule. Petro alimkana Bwana mara tatu, Yuda alimuuza. Wote wawili walijuta, maana Mathayo anasema wazi kwamba Yuda naye alijuta na kurudisha vile vipande thelathini vya fedha (Mt 27:3). Aliwarudishia makuhani, lakini yeye mwenyewe hakurudi kwa Yesu. Petro alilia kwa uchungu, lakini alibaki na wenzake, na siku alipoambiwa kwamba aliye ufukweni ni Bwana, hakungoja mtumbwi ufike; alijitupa majini (Yn 21:7). Ufukweni alikuta moto wa makaa. Mwinjili Yohane alikuwa ameutaja moto wa namna hiyo mara moja tu kabla, katika ua wa kuhani mkuu, pale Petro alipokuwa akiota moto na kukana. Bwana hakumwepusha na kumbukumbu ile. Alimuuliza mara tatu kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo.

Turudi kwa Teresa. Baba yake alifariki mwaka 1543. Padre Mdominikani aliyekuwa muungamishi wa mzee huyo akawa muungamishi wa binti pia, naye akamwambia arudi kwenye sala. Alirudi, na hakuiacha tena. Simulizi nyingi za watakatifu zinaruka kutoka hapa hadi kwenye maono na furaha, jambo linalotudanganya kidogo. Teresa mwenyewe anakiri kwamba kwa miaka mingi sala ilikuwa vita. Kulikuwa na siku alizotamani saa aliyojipangia iishe, akitega sikio kusikia saa ikigonga kuliko kumsikiliza Mungu. (Frateri ambaye hajawahi kufanya hivyo saa kumi na moja alfajiri na anyooshe mkono.) Mwaka 1554, akiwa mbele ya sanamu ya Kristo mwenye madonda mengi, moyo wake ulivunjika na akajiachilia kabisa. Ukihesabu tangu kifo cha baba yake, ni kama miaka kumi ya kuja kusali bila kupata ladha aliyoitafuta.

Katika miaka hiyo kulikuwa kunatokea nini? Yeye anafananisha sala na kumwagilia bustani, na anataja njia nne: kuteka kisimani kwa ndoo, kutumia gurudumu la kuvutia maji, kuleta maji ya mto au kijito kwa mifereji, na mvua yenyewe. Anayeanza yuko kisimani. Tuliokulia vijijini hatuhitaji maelezo: kamba inachubua viganja, na wakati wa kiangazi unashusha ndoo inapanda na matope. Kisima kikikauka kabisa, Teresa anasema, mtunza bustani aendelee kufanya yaliyo yake, kwa sababu bustani ni ya Bwana, naye aweza kuyatunza maua bila maji na kuzikuza fadhila. Maana yake, siku tunayotoka kanisani tukiona hatujapata kitu inaweza kuwa siku ambayo fadhila zimekua.

Fadhila gani? Kwanza, kuwaonea huruma wanyonge. Mtu aliyerudi kwenye kitubio mara ishirini na dhambi ileile hana haraka ya kumsema jirani. Waraka kwa Waebrania unasema kuhani wetu mkuu anaweza kuchukuliana nasi katika udhaifu wetu, kwa kuwa alijaribiwa kama sisi, ingawa hakutenda dhambi (Ebr 4:15). Frateri anayesoma haya, Mungu akijalia, siku moja atakaa kusikiliza maungamo. Namna atakavyompokea mzee mwenye aibu itategemea sana namna yeye mwenyewe alivyorudi alipokuwa na aibu. Halafu kuna udumifu wenyewe. Huko Gethsemani Bwana wetu alisali mara ya tatu akisema maneno yaleyale (Mt 26:44). Alirudia, wenzake wakiwa wamelala. Tunaposali Zaburi ileile kwa moyo mkavu tunafanana naye kwa kiasi fulani, hata kama hatujisikii hivyo. Mtume Paulo aliwaambia Wagalatia kwamba ana utungu kwa ajili yao hadi Kristo aumbike ndani yao (Gal 4:19), na utungu hauna mkato.

Hatusemi kwamba dhambi si kitu, wala kwamba mtu aliye katika dhambi ya mauti akapokee Komunyo bila kuungama. Tunasema asiache kusali wakati anapojiandaa kuungama. Hata kwa waamini walioachana na kuoa au kuolewa tena, Papa Yohane Paulo II katika wosia wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981 (namba 84) aliwahimiza kusikiliza Neno la Mungu, kuhudhuria Misa na kudumu katika sala. Kwa hiyo kutopokea Komunyo si sababu ya kubaki nyumbani Jumapili.

Mt. Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi yake ya Kiroho, anatoa mashauri mawili yanayotufaa hapa. Wakati wa ukavu na giza tusibadilishe uamuzi tuliokwisha kuufanya kabla. Kama tuliahidi nusu saa, iwe nusu saa, na ikiwezekana tuongeze kidogo. Pia anasema adui hupenda siri, kama mwanamume mlaghai asiyetaka binti amwambie baba yake. Ndiyo maana neno la kwanza kwa mlezi wa kiroho huwa gumu kuliko yote yanayofuata.

Kwa aliyekaa muda mrefu bila kuungama, hana haja ya kungoja hadi akumbuke kila kitu kwa mpangilio au sala ya majuto imrudie kichwani. Akifika, amwambie Padre kwamba ni siku nyingi na kwamba amesahau namna ya kuanza. Padre atamwongoza.