Pilipili Iliyokatwa Mkia

Mswidi akikwambia yuko "pepp", hajataja chakula. Anasema ana hamu kubwa, labda ya tamasha au safari. Mholanzi wa mtaani akitamka "pep", huenda anazungumzia dawa ya kulevya. Mjerumani ana maana hiyo ya mtaani pia, lakini atalitumia neno lilelile kusifia gauni au muziki wenye mvuto. Wote watatu wanatamka kipande cha neno moja la Kiingereza, pepper, yaani pilipili.

Kipande hicho kilikatiwa Marekani. Tangu miaka ya 1840 kuna maandishi ya Kiingereza yanayomsifu mtu kwamba ana pilipili, kwa maana ya ari na nguvu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walilipunguza neno likabaki pep. Katika miaka ya 1910 mikutano ya wanafunzi ya kushangilia timu zao ilikwisha kuitwa pep rally, na miaka ya 1920 ikaleta pep talk, yale maneno ambayo kocha huwachochea nayo wachezaji kabla hawajaingia uwanjani.

Utaratibu wa mambo hapa ndio unaonivutia. Sitiari ilitangulia, mkato ukafuata. Pepper likiwa zima bado lina harufu ya jikoni. Anayelisikia huona unga mweusi juu ya nyama. Likikatwa, wanaozaliwa baadaye wanakuta silabi moja yenye maana ya uchangamfu, wala hawana haja ya kuuliza mama yake ni nani.

Wauza dawa nao hawakulala. Amfetamini ilitengenezwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1887, ila ni katika miaka ya 1930 ilipoingia madukani Marekani kwa jina la Benzedrine. Kwa kuwa ilifukuza usingizi na uchovu, vidonge vyake vikaitwa pep pills. Jina zuri mno kwa kitu kinachoweza kumfanya mtu mtumwa. Kwenye misimu ya Waholanzi na Wajerumani, neno "vidonge" lilidondoka, ikabaki pep peke yake.

Waswidi walilipokea kwa furaha zaidi, wakalinyambua watakavyo. Kumtia mtu moyo ni peppa, na kwa wakati uliopo kitenzi hicho huwa peppar, ambalo kwa Kiswidi ndilo pia jina la pilipili manga! Kwa Wajerumani ndugu hawa wawili hawafanani kabisa. Jikoni wana Pfeffer, waliyoichukua kutoka piper ya Kilatini zamani sana, kabla p zao hazijageuka pf na f. Pep ilifika karne nyingi baadaye, na imevaa nguo za Kimarekani. (Kocha wa soka Pep Guardiola hayumo katika ukoo huu, yake ni mkato wa Josep, Yusufu wa Kikatalani. Wala PEP wanayopewa watu hospitalini baada ya kuwa katika hatari ya VVU. Hizo ni herufi za mwanzo tu.)

Pilipili yetu nayo ni ya ukoo huohuo. Asili ni pippali ya Kisanskriti, iliyokwenda magharibi hadi kwa Wagiriki na Walatini, na kutufikia sisi kwa njia ya Waajemi na Waarabu. Lakini Kiswahili hakikuikata, na ingekuwa shida: ukiigawa unabaki na "pili", ambayo ina kazi yake katika kuhesabu. Sisi tumezoea kuliacha neno la chakula likiwa zima na kulibebesha mzigo wa ziada. Msimulizi hutia chumvi. Chai ni hongo, na kwa vijana wa Dar es Salaam chai ni hadithi ya uongo. Sheng hukata, kweli, chapati ikawa chapo, lakini chapo ingali inaliwa kwa maharagwe, kwa sababu hakuna sitiari iliyotangulia kuifungulia mlango.

Hata hivyo pepper ya Waingereza ilitufikia, kwa mlango wa nyuma. Mnanaa wao mkali, peppermint, uliitwa hivyo kwa jinsi unavyochoma ulimi kama pilipili. Jina hilo likapita kwenye peremende za dukani, na sasa peremende yaweza kuwa ya chungwa au ya maziwa, isiyowasha hata kidogo.