El Nino pekee haitoshi kupima soko la nafaka

Bahari ya Hindi ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya vuli

Kila inapotangazwa kuwa El Nino inakuja, baadhi ya wafanyabiashara wa mahindi na maharage hukimbilia kujaza maghala wakitazamia mafuriko, barabara kukatika na bei ya gunia kupanda. Hata hivyo, mwenendo wa misimu tangu mwaka 1997 unaonyesha kuwa habari hiyo peke yake si kipimo cha kutegemea mtu anapotia fedha zake katika nafaka.

El Nino ni kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, mbali kabisa na Afrika Mashariki. Mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba hutegemea zaidi bahari iliyo jirani, yaani Bahari ya Hindi.

Katika mwaka wa kawaida, kusi inapokwisha na kabla ya kaskazi kushika, upepo wa ikweta huvuma kutoka magharibi na kusukuma maji ya joto hadi Sumatra, nchini Indonesia. Kuna miaka ambapo mambo hugeuka. Upepo huvuma kutoka mashariki, maji baridi huibuka Sumatra na maji ya joto hujikusanya upande wa Afrika. Hewa yenye unyevu hupanda kwa wingi upande huu, na vuli huwa kubwa. Wataalamu huiita hali hiyo daipoli chanya, jina lililoanza kutumika mwaka 1999. Ikiwa hasi, joto hubaki mashariki na vuli hupungua.

Mwaka 1997 El Nino kali na daipoli chanya kali vilikuja pamoja. Mafuriko yaliikumba Kenya, Tanzania na Somalia, barabara na reli zikakatika, na homa ya Bonde la Ufa ikazuka. Mwaka 1998 Saudi Arabia ilizuia mifugo hai kutoka Pembe ya Afrika, na wachuuzi wa mbuzi na kondoo wakakosa soko lao kubwa.

Mwaka 2015 El Nino ilikuwa miongoni mwa zilizo kali zaidi kupata kurekodiwa, lakini daipoli haikuwa na nguvu kama ya 1997. Mvua zilinyesha, ila maafa ya kiwango cha 1997 yaliyohofiwa hayakutokea. Mwaka 2019 ilikuwa kinyume chake: Pasifiki ilikuwa karibu na hali ya kawaida, lakini daipoli ilikuwa kali, na mafuriko yakaja bila El Nino kamili. Unyevu huo ulisaidia pia nzige wa jangwani kuzaliana. Vuli ya 2022 ilikuwa na daipoli hasi pamoja na La Nina, na sehemu za Kenya, Somalia na Ethiopia zikawa katika ukame wa misimu mitano mfululizo.

Jambo la pili la kuangalia ni kalenda. Daipoli huanza kujionyesha kati ya Mei na Juni, hufikia kilele Septemba hadi Novemba, na kwa kawaida huvunjika Desemba upepo unapobadilika. Kwa hiyo haifai kutumiwa kukisia masika ya Machi hadi Mei.

Aidha, El Nino haiathiri kanda zote sawa. Inapoongeza vuli Afrika Mashariki, mara nyingi hukausha nchi za kusini. Msimu wa 2023/24 ulileta mafuriko kaskazini na ukame kusini. Zambia, Malawi na Zimbabwe zilitangaza janga la kitaifa mwaka 2024. Mwaka huohuo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wa Tanzania (NFRA) uliingia mkataba wa kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Mnunuzi aliyetazama mvua za kaskazini tu hakuona kuwa mteja mkubwa angetoka kusini.

Wauza mchele nao hawako mbali na upepo huu. Kusi inayopita pwani ya Kenya na Somalia huvuka ikweta na kuelekea India, ambako hubeba mvua za Juni hadi Septemba. Mwaka 2023, wa El Nino, mvua za Agosti nchini India zilikuwa chache kuliko Agosti yoyote tangu 1901. Tayari Julai serikali yake ilikuwa imezuia kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati, na bei ikapanda katika soko la dunia. Zuio hilo liliondolewa Septemba 2024. Lakini mwaka 1997, pamoja na ukali wa El Nino, India ilipata mvua za kawaida. Wataalamu wengi wanasema daipoli chanya ilisaidia.

Kwa mwenye mtaji mdogo, hatua si ngumu. Ofisi ya hali ya hewa ya Australia hutoa kipimo cha daipoli mara kwa mara. Kikikaa juu ya nyuzi 0.4 kwa wiki kadhaa kuanzia Juni, ni dalili ya kuzingatiwa. Kisha usubiriwe utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) na wa kituo cha kanda cha ICPAC.

Iwapo vyote vinaelekeza kwenye vuli kubwa, mzigo uvushwe kabla barabara hazijaharibika, na nafaka ikaushwe vizuri kuzuia sumukuvu. Tena isisahaulike kuwa vuli njema huleta mavuno Januari na Februari katika mikoa ya kaskazini mwa Tanzania. Anayeng'ang'ania magunia hadi wakati huo akitumaini bei ya mafuriko anaweza kujikuta akiuza pamoja na wakulima wenye mahindi mapya.