Si Kila Ufa Huzibwa: Tiba ya Kobe Aliyevunjika Gamba

Methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni miongoni mwa zile tunazozifundisha mapema kabisa, na wanafunzi huikariri bila taabu. Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja ambalo methali hiyo, ikichukuliwa neno kwa neno, inaweza kuua. Jambo lenyewe ni tiba ya kobe aliyevunjika gamba.

Huenda ukajiuliza mwalimu wa Kiswahili ana lipi la kusema kuhusu udaktari wa wanyama. Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja alikuwa Koboko kwa mazoezi ya kufundisha. Katika nyumba aliyopanga palikuwa na kobe aliyefugwa na watoto wa mwenye nyumba. Jioni moja kobe huyo alikanyagwa na pikipiki langoni. Mwanafunzi alinipigia simu: gamba limepasuka, damu inatoka, baba mwenye nyumba ameshika gundi ya viatu, na jirani mwenye ng'ombe yuko njiani na bomba la sindano. Nilimtafuta daktari wa mifugo ninayemfahamu hapa Arua. Daktari alieleza kwa Kiingereza, na mwanafunzi akawafasiria wenyeji kwa Kiswahili, kwani pale uani walikuwapo Wakakwa, Walugbara na wageni kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Tafsiri ilikwama kwenye neno la kwanza kabisa, yaani gamba.

Gamba ni nini?

Neno hili tumelitwika mizigo mingi. Samaki ana magamba, nasi huyaparua kabla ya kumkaanga. Nyoka hujivua gamba, akaenda zake. Mwaka 2011 chama cha CCM kule Tanzania kilipozungumzia "kujivua gamba", kila msikilizaji alielewa kwamba kinachovuliwa ni kitu kikuukuu, ambacho mwenyewe hakihitaji tena. Baba mwenye nyumba alikuwa na maana hiyohiyo akilini aliposema, "Mwalimu, gamba si kama kucha tu? Haliumi."

Gamba la kobe si hivyo. Kobe hawezi kulivua, kwa kuwa ni sehemu ya kiunzi cha mifupa yake. Gamba la mgongoni limeungana na uti wa mgongo na mbavu. Gamba la tumboni nalo ni mfupa, na yote mawili yameshikana ubavuni. Mifupa inayolijenga ni yapata 60. Juu ya mifupa hiyo kuna tabaka jembamba la keratini, ambayo ndiyo mali ghafi ya kucha na pembe. Kwa hiyo baba yule alikosea nusu tu: kucha ipo, lakini imefunika mfupa ulio hai, wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kobe akiguswa gambani anahisi. Akivunjika gamba, anaumia kama mtu aliyevunjika mguu.

Tabaka la keratini limegawanyika katika vipande ambavyo nitaviita vigae. Kobe wengi wana vigae vikubwa 13 mgongoni: vitano katikati na vinne kila upande, vikizungukwa na vidogo vya ukingoni. Mistari inayotenganisha vigae hailingani na maungio ya mifupa iliyo chini yake, kama vile fundi anavyopishanisha matofali ili ukuta usipasuke kwa mstari mmoja.

Wasomaji wa fasihi watakumbuka hadithi ya kobe aliyekwenda karamu ya mbinguni pamoja na ndege, akaanguka, gamba likavunjikavunjika. Chinua Achebe aliitumia katika Things Fall Apart (1958), riwaya ambayo kwa Kiswahili tunaijua kama Shujaa Okonkwo. Katika hadithi hiyo mganga huviokota vipande na kuviunganisha, na ndiyo maana gamba si laini. Kama maelezo ya asili ya mistari ile, hadithi inapendeza. Kama mwongozo wa tiba, tutaona hivi punde inakotupeleka.

Jambo jingine la kujua kabla ya kutibu ni mapafu. Kobe hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Huvuta na kutoa pumzi kwa kutumia misuli ya tumbo na ya miguu, na mapafu yake yamelala moja kwa moja chini ya gamba la mgongoni. Shimo la mgongoni, hata likiwa dogo, linaweza kuwa mlango wa mapafu.

Majeraha hutokeaje?

Katika eneo letu sababu kubwa nne zinafahamika. Ya kwanza ni magari na pikipiki. Tangu barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba iwekwe lami, vyombo huenda kasi, na kobe anapovuka hana haraka. Ya pili ni mbwa, ambaye huliguguna gamba kama mfupa wowote. Ya tatu ni jembe la mkulima asiyeona kilicho ndani ya majani. Ya nne ni moto. Wakati wa kiangazi, hasa kati ya Desemba na Februari, nyasi huchomwa, na kobe asiyeweza kukimbia hujikunyata ndani ya gamba akingoja upite. Mara nyingi moto hupita na kobe akabaki hai, lakini siku au wiki kadhaa baadaye vigae huanza kubanduka na mfupa wa chini huonekana umekufa. Kwa hiyo kobe aliyetoka motoni asihesabiwe kuwa mzima kwa sababu tu anatembea.

Hapa nitoe tahadhari. Afrika Mashariki ina kobe ambao gamba lao la mgongoni lina bawaba kwa nyuma, na sehemu hiyo huweza kushuka kufunika miguu. Asiyewajua hudhani gamba limevunjika. Ufa wa kweli huwa na ncha kali, mara nyingi huwa na damu, na haufanani upande wa kulia na wa kushoto.

Huduma ya kwanza

Daktari alimwagiza mwanafunzi wetu hatua hizi, nami naziandika kwa mpangilio uleule:

1. Mtulize kobe ndani ya katoni yenye kitambaa safi, mahali penye giza na joto la wastani. Asigeuzwe chali, maana uzito wa matumbo hulalia mapafu.

2. Kama damu inatoka, kandamiza polepole kwa shashi au kitambaa safi mpaka ikome.

3. Osha jeraha kwa maji ya chumvi: gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Dawa ya aidini ya kuoshea vidonda inafaa pia, ikizimuliwa mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Kama kuna shimo linaloingia ndani ya mwili, usimimine chochote ndani yake. Lifunike tu kwa shashi yenye unyevu.

4. Usitupe kipande chochote cha gamba kilichobanduka. Kifunge ndani ya shashi na kipelekwe pamoja na mgonjwa.

5. Kinga nzi. Nzi akitaga kwenye jeraha, funza hutokea kwa muda mfupi na kuingia chini ya gamba ambako huwaoni.

6. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo au kesho yake. Kobe hufa polepole, na upole huo humdanganya mfugaji.

Kwa nini ufa usizibwe?

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walifanya kama yule mganga wa hadithi. Walisafisha ufa, wakaupaka gundi ngumu na nyuzi za kioo juu yake, kobe akaonekana kama mpya. Wengi wa kobe hao waliugua baadaye. Ufa ulikuwa umefungwa pamoja na vumbi na bakteria, usaha ukakosa njia ya kutoka, na mfupa ukaoza chini ya kiraka kizuri. Aidha, kobe mchanga anayekua huzuiwa na kiraka kigumu, gamba likakua limepinda.

Siku hizi jeraha huhesabiwa kuwa chafu mpaka ithibitike vinginevyo. Kwanza husafishwa na kufungwa kwa shashi zinazobadilishwa kila siku, kwa siku kadhaa. Likishakuwa safi, vipande hurudishwa mahali pake na kushikiliwa bila kuufunika ufa. Daktari anaweza kutia skrubu ndogo pande zote mbili za ufa na kuzifunga kwa waya, au kubandika vishikizo juu ya vigae vizima na kuvivuta pamoja kwa kamba za plastiki. Gundi hutumika, lakini huwekwa pembeni mwa ufa, si ndani yake. Ufa hubaki wazi ili uonekane na uoshwe.

Kwa hiyo gundi ya viatu ilirudi kabatini.

Kazi ya daktari

Pamoja na hayo, daktari hutuliza maumivu, hurudisha maji mwilini na hutoa viuavijasumu. Dawa nyingine, kama seftazidimu, hudungwa kila baada ya saa 72, kwani mwili wa kobe huzitoa dawa taratibu. Joto la mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Akiachwa kwenye baridi, dawa hazifanyi kazi ipasavyo na kinga ya mwili hulala. Madaktari wengi hupendelea kudunga miguu ya mbele, kwa sababu damu ya miguu ya nyuma hupitia kwenye figo kwanza. Picha ya eksirei ikipatikana huonyesha kama uti wa mgongo umeguswa. Kobe asiyeweza kusogeza miguu ya nyuma baada ya kuvunjika katikati ya mgongo ana matumaini madogo, na daktari mwaminifu atalisema hilo mapema.

Kupona huchukua miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Mfugaji anayeuliza "lini?" ajibiwe kwa uwazi, la sivyo atakata tamaa na kuacha kuosha.

Sindano ya jirani

Bomba la sindano la jirani lilikuwa na ivamektini. Nia yake ilikuwa njema: kobe alikuwa na kupe, na dawa hiyo huua kupe wa ng'ombe. Tena jina lake si geni hapa West Nile, kwani watu wamegawiwa vidonge vyake vijijini kwa miaka mingi ili kuwakinga na upofu unaoenezwa na usubi wa mtoni. Dawa iliyookoa macho ya binadamu, nani angeiogopa? Lakini kwa kobe ivamektini ni sumu. Hulegeza misuli, ikiwamo ile ya kupumulia, na kobe hufa akiwa na kipimo ambacho ng'ombe asingekihisi kulingana na uzito wake. Kupe wa kobe hung'olewa kwa kibano, mmoja mmoja.

Naamini hapa ndipo tafsiri iliokoa uhai. Mwanafunzi alisikia jina la dawa, akalirudia polepole kwa daktari, akajibiwa "hapana", na akaifikisha "hapana" hiyo kwa jirani kwa heshima: "Mzee wangu, asante kwa kuja, lakini daktari anasema hii itamuua." Mzee alirudisha kifuniko cha sindano.

Suala la sheria

Kesho yake kobe aliletwa Arua kwa teksi ndani ya katoni. Alitibiwa, na ufa wake sasa umeshikamana ingawa bado unaonekana. Hata hivyo hakurudi Koboko. Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, mnyamapori ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, na kumfuga kunahitaji kibali. Kobe huyu aliokotwa porini na watoto, na kibali hakikuwapo. Daktari aliwaeleza wazazi, na taarifa ikapelekwa kwa Mamlaka ya Wanyamapori. Watoto walilia. Sina neno la kulainisha hilo, ila nawaomba walimu walio vijijini walieleze darasani kabla kobe hajaokotwa. Anayemkuta kobe majeruhi amwone ofisa wa mifugo wa wilaya au mamlaka hiyo. Hakatazwi kumsaidia.

Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, mambo matatu yazingatiwe: gamba la kobe ni mfupa ulio hai, ufa huoshwa kwanza na hauzibwi kwa pupa, na dawa ya ng'ombe si dawa ya kobe.

Kwa upande wa lugha, tumeona kwamba neno moja lenye maana nyingi lingeweza kumgharimu mnyama uhai wake. Napendekeza tuseme gamba la mgongoni, gamba la tumboni na kigae, na tukumbushane kwamba kigae kikivunjika huenda mfupa nao umevunjika. Mwenye istilahi bora, hasa kutoka Kilugbara au Kikakwa, ailete idarani tuijadili. Methali yetu nayo tuendelee kuifundisha, kwa kuwa mjenzi wa nyumba bado anaihitaji.