Mama Naye Amekesha Kazini

Mtu akisimama ufukoni Dunga, kusini ya mji wa Kisumu, usiku usio na mwezi, ataona taa nyingi zikimeta mbali majini, hata adhani kwamba kuna mji mwingine ng'ambo ya mafunjo. Hizo ni taa za wavuvi wa omena, samaki wadogo ambao penginepo huitwa dagaa. Omena hufuata mwanga, na kwa hiyo mvuvi wake hana budi kukesha. Kunapopambazuka mashua hurudi, akina mama huzipokea kwa ndoo na makarai, naye mvuvi huenda nyumbani kulala. Watoto huambiwa wasipige kelele, kwa maana baba amekesha kazini. Desturi hiyo ni njema, wala hapana wa kuilaumu.

Lakini katika nyumba ile ile mara nyingi yumo mtu mwingine aliyekesha, naye ni mama mwenye mtoto mchanga. Ameamka saa 4 ya usiku kunyonyesha, akaamka saa 7, na saa 9, na tena saa 11 alfajiri. Kukicha, yeye haambiwi akalale. Huulizwa chai iko wapi, na mbona maji hayajatekwa. Makala haya yataka kuonyesha kwamba kazi ya mama huyo ni kazi kweli, na kwamba nyumba isipoiheshimu, mtoto ndiye aumiaye.

Wajaluo wana desturi ya kumpa mtoto jina kwa saa aliyozaliwa. Aliyezaliwa usiku huitwa Otieno, au Atieno akiwa msichana. Wa asubuhi huitwa Okinyi au Akinyi. Walakini tumbo la mtoto mchanga halijui kupambanua usiku na mchana. Ni dogo mno, na maziwa ya mama husagika upesi. Kwa hiyo mtoto huhitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku na mchana, na kuamka kwake si ukaidi wala si dalili kwamba maziwa ya mama ni mepesi.

Tena kunyonya kwa usiku ndiko kunakotunza maziwa ya kesho. Mtoto anyonyapo, habari hupelekwa katika ubongo wa mama, na ubongo hutoa kichocheo kiitwacho prolaktini, ambacho huamuru matiti yatengeneze maziwa. Kichocheo hicho huwa kingi zaidi usiku kuliko mchana. Titi likikaa limejaa muda mrefu, mwili hufahamu kwamba maziwa hayatakiwi, nao hupunguza. Basi mama aachaye kunyonyesha usiku katika miezi ya kwanza asistaajabu akiona mchana maziwa yamepungua.

Jambo hili lawahusu hasa akina mama wafanyao kazi mbali na watoto wao. Mama anunuaye samaki ufukoni huondoka kabla ya jua kuchomoza, kisha hushinda sokoni au kwenye uanikaji wa omena. Mama aliye karani hurudi ofisini likizo yake ya uzazi ikiisha, ambayo kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ni miezi 3. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, lakini mchuuzi wa samaki hana mwajiri wa kumdai. Kwa wote wawili, usiku ndio wakati wa kufidia mchana. Watoto wengi ambao mama zao hawapo mchana hunyonya kidogo wakati huo, kisha hunyonya sana usiku. Mama asifadhaike kwa hali hiyo. Yafaa pia akamue maziwa kabla ya kuondoka, ayaache mahali pa baridi katika chombo safi chenye kifuniko, na mtoto anyweshwe kwa kikombe kilichooshwa vema. Chupa ya kunyonya ni ngumu kusafisha.

Hatari huanzia kwenye uchovu. Mama asiyepata usingizi, asiyesaidiwa, husikiliza shauri la kila mtu. Huyu husema, mpe mtoto uji mzito alale. Yule husema, joto la Kisumu ni kali, mpe maji. Mashauri hayo hutolewa kwa mapenzi, lakini si mema. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, maana karibu sehemu 88 katika 100 ni maji, hata wakati wa joto. Uji na maji kabla ya miezi 6 hujaza tumbo pasipo kulisha, na maji yasiyo safi, ya ziwa au ya kisima, huleta kuhara, ugonjwa ambao kwa mtoto mchanga si wa kuchezea. Mwaka 2003 katika Kenya watoto 13 tu katika kila 100 walio chini ya miezi 6 ndio walionyonya maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2014 walifika 61, jambo la kushukuriwa sana. Lakini hesabu ya mwaka 2022 ilikuwa 60. Hatukuendelea mbele, na yapasa kila nyumba ijiulize ni nini kinachomzuia mama.

Wako pia akina mama ambao huogopa kunyonyesha kwa sababu wana virusi vya UKIMWI. Kisumu ina habari njema kwao. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006 wanawake 522 wenye virusi waliandikishwa katika uchunguzi uliofanywa hapa hapa Kisumu. Walipewa dawa tangu wiki ya 34 ya mimba mpaka miezi 6 baada ya kujifungua, nao wakanyonyesha. Watoto walipofikia miaka 2, walioambukizwa walikuwa kama 7 katika kila 100. Mwaka 2010, kwa ushahidi wa nchi kadha wa kadha, Shirika la Afya Ulimwenguni likashauri kwamba mama apataye dawa anyonyeshe. Basi mama wa namna hiyo asiruke dawa yake hata siku moja, amfuate mwuguzi wake, na kwa miezi 6 ya kwanza asichanganye maziwa yake na chakula kingine.

Sasa yafuata maneno ya kutenda. Ufuko wa ziwa una malaria nyingi, na mbu wake huuma usiku. Kwa hiyo mama na alale na mtoto ndani ya chandarua, na amnyonyeshe humo humo badala ya kutoka na kuketi nje. Koroboi isiwekwe karibu na chandarua, kwani moto hushika upesi. Kitochi au taa ndogo ya jua yatosha. Mama asinyonyeshe kitini huku akisinzia, maana mtoto aweza kubanwa akakosa pumzi. Mtoto alazwe chali, mbali na mito na mablanketi mazito, wala asilale kitandani pamoja na mtu aliyekunywa pombe au mvutaji wa sigara.

Nawe baba, usidhani kwamba huna fungu katika kazi hii kwa sababu huna maziwa. Mtoto akilia usiku, wewe waweza kumwinua na kumpa mamaye, kisha ukambeua na kumbadilisha nepi. Waweza kumletea mama maji ya kunywa, kwani anyonyeshaye hushikwa na kiu. Asubuhi waweza kuwasha moto wewe mwenyewe, au kumwomba mama yako au shangazi ashike mtoto kwa saa 2 ili mkeo alale. Kama wazee watasema kwamba hiyo si kazi ya mwanamume, wajibu kwa adabu kwamba mtoto ni wa ukoo mzima.

Tena kesho asubuhi, mashua zinapoingia Dunga na watoto wanapoambiwa wanyamaze kwa ajili ya baba, na waambiwe pia wanyamaze kwa ajili ya mama. Naye alikuwa kazini usiku kucha.