Dawa ya Kuua Nyasi Katika Maharage: Kazi Yake Ndani ya Mmea

Mkulima wa maharage hunyunyiza dawa ya nyasi leo, na kesho akienda shambani huona sangari ingali kijani vilevile. Siku ya tatu hali ni ile ile. Basi hudhani ameuziwa maji, akanyunyiza tena au akatia jembe. Yote mawili ni hasara. Afadhali kwanza ujue dawa hiyo huenda wapi.

Dawa ninazozisema ni zile zinazonyunyizwa baada ya maharage kuota, kama fluazifopu, haloksifopu na kletodimu. Hizi haziunguzi jani. Huingia ndani yake, kisha hufuata njia ile ile ambayo mmea hupitishia sukari, mpaka mahali panapokua: moyo wa nyasi, ncha za mizizi, na kwa sangari na ukoka hata yale mashina yanayotambaa chini ya ardhi. Mmea ukikua hufanya chembe mpya, na kila chembe sharti ivikwe ngozi nyembamba ya mafuta. Kuna kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kutengeneza mafuta hayo. Dawa hukikamata, kazi husimama, na moyo wa nyasi hufa kwa kukosa cha kujengea.

Maharage nayo hunywa dawa hiyo, lakini kimeng'enya chao kina umbo jingine, wala dawa haikishiki. Kwa sababu hiyo hiyo kishona nguo na mchicha wa porini husalimika. Ndago, ingawa watu huiita nyasi, si jamii moja nazo. Hiyo itake jembe.

Lakini angalia sana: mahindi ni nyasi. Niliwahi kuitwa kwenye shamba la mahindi na maharage yaliyochanganywa. Mwenyewe aliambiwa kwamba dawa ni "ya maharage", akanyunyiza shamba zima. Nilipovuta jani la katikati la hindi moja, lilitoka bila nguvu, na chini lilikuwa limeoza, rangi ya kahawia. Maharage yalikuwa mazuri sana. Mwaka ule nyumba ile ilikula unga wa dukani. Mtama, uwele na ulezi vyaweza kufa vivyo hivyo. Na upepo ukivuma kuelekea mahindi ya jirani, ngoja utulie. (Ngano ina dawa zake katika ukoo huu, kwa kuwa huweza kuzivunja upesi kabla hazijaidhuru. Usidhani kwa hiyo kwamba dawa yo yote ya nyasi itaifaa.)

Jani lile la katikati ndilo kipimo chako. Livute siku ya 7 hadi ya 10. Likitoka kwa urahisi, dawa imefika, hata kama majani ya nje bado ni mabichi; nyasi yenyewe itakauka baada ya wiki 2 au 3.

Kwa kuwa dawa husafiri pamoja na sukari, nyunyiza nyasi zikiwa changa na udongo una unyevu. Nyasi zilizosinyaa kwa jua hazisafirishi kitu. Tena usipalilie kwa wiki nzima baada ya kunyunyiza, maana ukikata shina umekata njia ya dawa. Sangari kongwe huenda ikachipua tena kutoka chini. Ikitoa majani mapya, soma karatasi ya chupa: ikiwa siku zilizowekwa kabla ya mavuno zingalipo, rudia kwa kipimo kilichoandikwa, kama zimepita, ichimbue.