Maporomoko ya Maji na Filamu Inayochoka

Anayepiga picha kwa filamu pale Nyahururu, ambapo Mto Ewaso Narok huporomoka mita 74, hana kioo cha kumwonyesha alichopata. Lazima aamue mapema, hasa kuhusu muda wa shata. Kwa 1/500 ya sekunde, matone huganda hewani. Kwa sekunde kumi, mto wote hugeuka ukungu. Mtindo huo wa ukungu umezidi siku hizi, nami siupendi, kwa sababu huyanyima maji nguvu yake. Kati ya robo sekunde na sekunde moja maji hulainika, lakini michirizi yake bado inaonekana.

Muda huo hupatikana kwa filamu ya ISO 50 au 100, lenzi ikibanwa hadi f/16, siku ya mawingu. Kichujio cha polaraiza hupunguza mwanga na pia huondoa mng'ao kwenye mawe na majani yaliyolowa. Kamera ikae kwenye stendi imara ya miguu mitatu.

Usikielekeze kipimamwanga kwenye povu. Chenyewe hudhani kila kitu ni kijivu, hivyo povu litatoka kijivu na msitu utakuwa giza tupu. Kwa filamu ya negativu, pima sehemu zenye kivuli ambazo ungependa zionekane.

Wengi hukwama ndani ya msitu mzito, kipimamwanga kinapodai sekunde kadhaa. Chembe ya fedha kwenye filamu huhitaji kupigwa na mwanga mara kadhaa kwa kufuatana ndipo ishike alama ya kudumu. Mwanga ukiwa hafifu, alama ya mwanzo hufutika kabla ya pigo linalofuata, na filamu hupokea picha pungufu ya hesabu. Kwa Ilford HP5 Plus, sekunde 4 za kipimamwanga zinahitaji kuwa 6 hivi, na sekunde 10 zinakuwa kama 20. Fuji Acros ni tofauti kabisa: haihitaji nyongeza yoyote hadi sekunde 120, na ndiyo ningeibeba msituni.

Kila filamu ina tabia yake, na watengenezaji huiandika kwenye karatasi ya maelezo. Isome kabla ya safari, unakili muda wake kwenye daftari, na ukiwa na shaka kwenye negativu, ongeza sekunde badala ya kupunguza.