ZOEZI LA MAAFA
Namna ya Kulipanga, Kuliendesha na Kulipima

Nataka leo tuzungumze habari ya jambo ambalo watu wengi huliona ni upuuzi mpaka siku wanapolihitaji. Jambo lenyewe ni zoezi la maafa, yaani kufanya kama kwamba msiba umefika, ili tujue tutakavyofanya utakapofika kweli.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba mwaka wa 2011, meli MV Spice Islander I, iliyokuwa imetoka bandari ya Malindi kwenda Pemba, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Meli ile haikuwa na ruhusa ya kuchukua hata watu mia saba. Hata hivyo, tume iliyoundwa baadaye kuchunguza msiba ule ilitoa hesabu ya zaidi ya watu 2,000. Baadhi ya waliopona walishika magodoro yaliyokuwa shehena ya meli, wakaelea juu yake mpaka walipofikiwa na waokozi. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, meli nyingine, MV Skagit, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam.

Sisemi habari hizi ili kutonesha majeraha ya watu ambao hata leo hawajui walipolala wapenzi wao. Nazisema kwa ajili ya swali moja dogo: usiku ule, ni nani aliyejua kwa hakika ndani ya meli mna watu wangapi? Mwokozi asiyejua idadi ya watu anaowatafuta hajui wakati gani aendelee kutafuta na wakati gani aache. Swali hilo laweza kuulizwa bandarini, mchana, bila ya mtu kulowa nguo. Simamisha kazi kabla meli haijang'oa nanga, mwulize mkata tiketi, mwulize mlinzi wa lango, mwulize nahodha. Wakikupa hesabu tatu mbalimbali, zoezi limekwisha fanya kazi yake, na hakuna aliyekufa.

Hilo ndilo zoezi. Si mchezo wa kuwafurahisha wageni, wala si mtihani wa kumwaibisha sheha au askari. Ni swali ambalo mpango ulioandikwa katika karatasi huulizwa na watu, kabla haujaulizwa na bahari au moto.

Miaka iliyopita nilialikwa kutazama zoezi la moto katika skuli moja. Kengele ikalia, watoto wakatoka kwa mstari kama askari, na kwa dakika tatu wote walikuwa uwanjani. Wageni wakapiga makofi. Nikamwuliza mtoto aliyesimama karibu nami alijuaje njia ya kupita. Akanijibu, "Jana tulifundishwa, Bwana, na leo asubuhi tukakumbushwa." Ngazi moja ilikuwa imefungwa kwa kufuli, lakini kwa kuwa watoto wa upande ule walijua tangu jana, walizunguka wakashukia ngazi ya pili. Hakuna aliyeitaja kufuli ile, wala haikuandikwa popote. Kwa maoni yangu lile lilikuwa gwaride. Gwaride lina uzuri wake, lakini moto haupigi saluti.

Basi na tutazame namna ya kupanga zoezi lililo zoezi kweli. Nitatoa mfano wa kubuni, ila mahali pake na bahari yake ni vya kweli. Mahali ni Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na msiba tunaouigiza ni mawimbi ya tsunami.

Wengine watasema tsunami ni habari za mbali. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa kumi ya usiku kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra. Mawimbi yakaivuka Bahari ya Hindi yote, yakafika pwani yetu ya Afrika mchana wa siku ile ile, baada ya muda uliozidi saa saba. Somalia walikufa watu karibu mia tatu. Tanzania Bara walikufa walau watu kumi, na wengi wao walikuwa vijana waliokwenda kuogelea. Huko Kenya watu waliondolewa katika fukwe mapema, maana habari zilikuwa zimekwisha kusikika, na aliyekufa alikuwa mmoja tu. Jamani, saa saba! Mtu aweza kutoka Nungwi mpaka Makunduchi na kurudi, akala na kulala. Habari ilikuwako duniani; kilichokosekana ni njia ya kuifikisha kwa yule kijana aliyesimama majini.

Tangu siku ile nchi za Bahari ya Hindi zimejifunza. Tangu mwaka wa 2013 vituo vya Australia, India na Indonesia ndivyo vinavyotoa tahadhari kwa nchi zote za bahari hii. Nazo nchi hizo zimekuwa zikifanya zoezi kubwa pamoja, liitwalo IOWave, la kwanza likiwa mwaka wa 2009, ili kupima kama tahadhari hutoka na kufika. Lakini zoezi la namna ile aghalabu huishia katika ofisi. Kutoka ofisi mpaka mchangani ni kazi yetu wenyewe.

Mpangaji wa zoezi huanza kwa kuchagua lengo, nalo lazima liwe jambo linaloweza kupimwa. Akisema, "Lengo letu ni watu waifahamu tsunami," hajasema kitu, maana hataweza kujua kama amefaulu. Na aseme hivi: habari ikimfikia sheha, mtu wa mwisho aliyeko mchangani awe amevuka barabara ya lami iliyo nyuma ya kijiji kwa muda usiozidi dakika arobaini. Hilo laweza kupimwa kwa saa ya mkononi.

Kisha achague siku, na hapa ndipo wapangaji wengi wanapokosea, hasa watokao Mjini. Hutazama kalenda ya ofisi badala ya kutazama mwezi. Jambiani, tangu mwaka wa 1989, wanawake wamekuwa wakilima mwani kwa ajili ya kuuza. Kazi hiyo hufanywa maji yakipwa, na zaidi wakati wa bamvua, ambapo maji yetu hupanda na kushuka karibu mita nne, na bahari hujitenga na kijiji mbali sana. Wakati wa bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne na saa tano asubuhi. Saa hiyo mamia ya wanawake wako nje, wameinama, migongo yao imeelekea kijiji, na upepo wa kusi unavuma masikioni mwao. Ukiliweka zoezi siku ya maji mafu, utawakuta wote majumbani, kila kitu kitakwenda vyema, nawe utaandika taarifa nzuri iliyo uongo mtupu.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya nchi nyingine havilitaji. Huko hufundishwa kwamba bahari ikirudi nyuma ghafula, ukimbie. Lakini mtoto wa Jambiani ameiona bahari ikirudi nyuma mara mbili kila siku tangu kuzaliwa kwake! Hawezi kukimbia kila maji yapwapo. Basi yeye afundishwe maneno mengine: bahari ikipwa nje ya saa zake, usiende kuokota samaki waliobaki, kimbilia juu. Nao wazee wavuvi wanaozijua saa za maji kwa vidole ndio walimu wa somo hilo, si mimi.

Kabla ya kuwatoa watu nje, wakubwa wakae kwanza barazani wafanye zoezi la maneno tu. Mwendeshaji asome: "Saa tatu asubuhi, sheha amepigiwa simu. Sheha, unafanya nini?" Sheha atajibu atamwambia imamu atangaze kwa kipaza sauti cha msikiti. "Umeme umekatika." Ndipo kimya kinapoingia. Zoezi la barazani halina gharama ila kahawa, na mara nyingi kasoro kubwa zote hujitokeza pale pale. Usicheke umeme kukatika: mwaka wa 2008, na tena tangu Desemba 2009 mpaka miezi ya mwanzo ya 2010, Unguja nzima ilikaa wiki nyingi bila umeme wa kutoka Bara.

Likija zoezi la uwanjani, watu waambiwe siku zake mapema, lakini wasiambiwe saa. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ukiipiga bila ya jambo na bila ya kuwaambia watu, mara ya kwanza utawatia hofu, na mzee mwenye maradhi ya moyo aweza kufa kwa zoezi. Mara ya tatu hawatainua vichwa. Kwa hiyo kila karatasi na kila simu ianze na kumalizika kwa neno ZOEZI, na wote wajue kwamba mtu akipaza sauti "SI ZOEZI", basi ameumia kweli, na kazi yote isimame. Mmoja tu awe na amri ya kusimamisha, na jina lake lijulikane. Chombo cha uokozi na mganga wawe tayari kweli, si kwa kuigiza. Wala usimkimbize bibi kizee juani ili uone kama atafika. Kijana mmoja achukue nafasi yake, atembee kwa mwendo wake, na saa ihesabiwe.

Sasa wako watazamaji, na kwangu hawa ndio moyo wa zoezi. Mtazamaji hachezi, haelekezi, hasaidii. Anasimama mahali pake na saa na daftari, akiandika alichokiona. Nasema alichokiona, si alichokidhani. Akiandika, "Wanawake hawakutii amri," ameandika hukumu, tena ya dhuluma. Lakini akiandika, "Saa tano kasoro dakika kumi, wanawake wanne walirudi nyuma kuchukua magunia yao ya mwani," ametupa elimu. Maana gunia lile ni chakula cha watoto, na mtu haachi chakula cha watoto kwa sababu ya mbiu aliyoisikia kwa mbali. Mpango uliohesabu muda wa mwanamke asiyechukua kitu mkononi umekosea hesabu, na kosa si la yule mwanamke.

Zoezi likiisha, watu wasitawanyike. Wakae chini ya mti, papo hapo, kabla kumbukumbu hazijapoa na kabla kila mmoja hajatunga kisa chake. Wadogo waanze kusema na wakubwa wamalize, kwani sheha akisema kwanza kwamba mambo yalikuwa mazuri, nani atamkanusha? Mvuvi aseme hakuisikia mbiu ng'ambo ya pili ya mwamba. Mwalimu aseme alihesabu watoto mara mbili akapata hesabu mbili. Asilaumiwe mtu kwa kusema kweli, maana akilaumiwa mara moja, zoezi lijalo hakutasikika kasoro hata moja.

Mjini nako kuna maswali yake. Gari la zimamoto haliwezi kupita vichochoro vingi vya Mji Mkongwe, na nyumba zake zina dari za boriti na milango ya mbao iliyokaa karne. Zoezi la kule ni kupima mpira wa maji wafika mpaka wapi kutoka njia kubwa ya karibu, na ni baraza gani iliyojengewa duka ikaziba njia. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina swali lake pia: wakiletwa majeruhi mia kwa saa moja, nani atawapanga mlangoni?

Sheria ya mwaka wa 2015 iliiunda Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa Zanzibar, nayo shehia yaweza kuomba msaada na mafunzo huko. Lakini daftari la kasoro likae kwa sheha. Kila kasoro iandikiwe mtu mmoja wa kuitengeneza na siku ya mwisho. "Kamati itashughulikia" ni maneno ya kuzikia jambo. Iandikwe hivi: mbiu haisikiki kwenye mashamba ya mwani, itafutwe bendera nyekundu ipandishwe juu ya mvinje ulio karibu na skuli, na mmoja wa wakulima wa mwani apewe zamu ya kutazama nyuma kila robo saa, kazi hii ni ya katibu wa shehia, kabla ya bamvua ya mwezi ujao. Bamvua ikifika, sheha ashuke pwani maji yakiwa yamepwa, atembee mpaka kwenye kamba za mwisho za mwani, ageuke, atazame kama bendera anaiona.